Alilala kwa Kaltum, Akaamka kwa Ghanima

Mke mdogo kumwonea wivu mke mkubwa kwa sababu ya bangili au kitenge, hilo sisi wa Bwiza, mjini Bujumbura, tumelizoea. Tunalisikiliza huku tunachambua mboga ya lengalenga na mikono haisimami. Lakini mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwenye shingo nyororo na meno yote, kumwonea wivu mwenzake wa sitini na mbili kwa sababu tu yule wa sitini na mbili anaamka saa tisa za usiku bila kuamshwa, hilo nilikuwa sijalisikia.

Ilikuwa mwaka wa saba wa Uhuru. Mimi na mume wangu Léonce tulipanga vyumba viwili katika lupango la Bwana Sleiman, nyuma ya duka lake la vitambaa. Lupango lenyewe lilikaa hivi: mbele duka, linatazama barabara, mkono wa kulia nyumba ya Bi Ghanima, mke mkubwa, mkono wa kushoto nyumba ya Kaltum, mke mdogo, na huku mwisho, karibu na bomba, sisi wapangaji. Katikati uwanja wa udongo uliofagiwa, hatua kumi na tano kutoka mlango wa mke mmoja hadi mlango wa mwenzake. Najua ni kumi na tano kwa sababu Kaltum alizihesabu, tena si mara moja.

Zamu zao zilikuwa usiku kwa usiku. Jua likizama, Bwana Sleiman akiwa bado msikitini, yule ambaye zamu yake imeisha alibeba kanzu safi ya mume, ndala zake na kikombe chake cha kahawa, akaviweka kwenye ngazi ya mwenzake bila kusema neno. Miaka minane tuliyokaa pale sikuona vikichelewa hata siku moja. Wale wanawake wawili waliweza kununiana mwezi mzima kwa ajili ya sufuria, lakini kanzu, ndala na kikombe vilifika.

Sasa lazima mjue Kaltum aliolewa kwa ajili ya nini. Alikuwa fundi wa kushona, ameachika huko Buyenzi kwa mwanamume aliyesema maneno matatu kwa wiki, na mawili kati yake ni "chakula" na "maji". Bwana Sleiman alipopeleka posa alikuwa na miaka hamsini na saba na tumbo linalomtangulia mlangoni, lakini alikuwa na mdomo. Babu zake walitoka Oman wakapita Ujiji, yeye mwenyewe kazaliwa Rumonge, na tangu enzi za Wabelgiji, Bujumbura ikiitwa Usumbura, alikuwa amezunguka nchi nzima na malori ya vitambaa. Kila mji alikuwa na hadithi yake. "Mi nilioa masikio," alizoea kusema, na Kaltum anajibu, "Na mi niliolewa na maneno, usinipunje."

Mwanzoni hakumpunja. Jioni ya zamu ya Kaltum ilikuwa sherehe. Wapangaji tulikuwa tunabeba viti vyetu, majirani wanakuja, kahawa ya tangawizi inazunguka, na Bwana Sleiman kaegemea mto anasimulia mpaka saa sita. Bi Ghanima kwake alikuwa amezima taa mapema, na kama alisikia vicheko vyetu vikivuka uwanja, hakusema. Miaka mingi hakusema. Mimi namhurumia sasa. Wakati ule nilikuwa nakula mandazi.

Kisha mwili wa mzee ukaanza kuhama, kidogokidogo kama mpangaji anayebeba vitu usiku. Kwanza miayo saa tatu. Mwaka uliofuata, saa mbili. Akaanza kusikia baridi jua likizama tu, hapa Bujumbura penye joto la kuoka mikate, akajinunulia sweta ya sufu. Njaa nayo ikatangulia: saa kumi na moja jioni ameshaketi kwenye mkeka anauliza wali uko wapi. Na isha akishaisali tu, basi. Saa moja na nusu ukimwongelesha, unaongea na sweta.

Kaltum akapigana. Alipika kahawa nyeusi mpaka kijiko kinasita kuzama. Alibadilisha kitenge mara mbili kwa jioni moja. Alinunua gramafoni ya mkono wa pili. Akatualika sisi kila zamu yake, tuwe wengi, tuwe na kelele, tumshike mzee asidondoke.

Jioni moja Bwana Sleiman alianza vizuri kweli. Alikuwa anatusimulia juu ya Mgiriki mmoja wa Rumonge aliyeuziwa punda kipofu.

"Mgiriki akamshika punda sikio," akasema, "akamgeukia muuzaji, akamwambia, huyu mnyama..."

Tukangoja. Kidevu kikashuka kwenye sweta.

"Huyu mnyama nini?" akauliza Birindwa, muuza samaki, mpangaji mwenzetu.

Birindwa akamtikisa goti.

"Mzee! Huyu mnyama nini?"

Bwana Sleiman akakoroma. Birindwa akatuangalia sote kama aliyeibiwa. "Sasa mi nitalala namna gani?"

"Nendeni," Kaltum akasema. "Nendeni mulale. Kila mutu akalale. Ni nyumba ya kulala hii."

Asubuhi yake, kabla sijawasha mbabula yangu ya makaa, Kaltum yuko mlangoni kwangu, kilemba upande, macho mekundu.

"Mama Odette, amemaliza punda!"

"Nani?"

"Mume wangu! Ameamka saa tisa, nikapapasa kitanda, hakuna mutu. Nikatoka. Taa inawaka jikoni kwa Ghanima. Wamekaa wawili, kahawa katikati, mkate katikati, anamwambia ya punda, mpaka mwisho! Na yule bibi anacheka, Mama Odette. Anacheka na mkono kwenye goti lake. Katika zamu yangu!"

"Pole, dada. Na punda ilikuwaje?"

"Sikusikia. Nilikuwa nalia."

Nikamkalisha, nikampa chai. Nilikuwa najua. Sote tulikuwa tunajua, kwa miezi mitatu minne hivi. Lupango lina kuta nyembamba, na Léonce akirudi kutoka kazini alfajiri alikuwa anawakuta wale wazee wawili wamechangamka kama soko. Lakini hatukutaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Vita ilianzia bombani siku hiyohiyo.

"Dada Ghanima," Kaltum akasema, ndoo mkononi, "usiku wa jana ulikuwa wa nani?"

"Wako."

"Basi mume wangu alikuwa anatafuta nini jikoni kwako?"

"Kahawa."

"Kwangu hakuna kahawa?"

"Iko. Mpishi ndiye alikuwa amelala." Bi Ghanima alikuwa mwanamke mwembamba, mweupe wa ngozi, sauti ya chini, matusi yake yalikuja yamekunjwa vizuri kama nguo za pasi.

"Ungemrudisha!"

"Nimrudishe nani, mbuzi? Mtu mzima kaamka, macho yako wazi kama taa za lori, we unakoroma. Anaona mwanga kwangu. Ulitaka aende wapi, kwa polisi?"

"We ulimwita!"

"Mi simwiti. Naamka, nawasha moto wangu, nasoma nyiradi zangu. Anakuja. Nimfungie mlango mume wangu?"

"Usiku wangu si mume wako!"

"Mwambie yeye," Bi Ghanima akasema, akajitwika ndoo yake. "Lakini mwambie mapema. Ikifika saa moja hatakusikia."

Tuliokuwa bombani tuliinamia ndoo zetu ili tusionekane tunacheka. Kaltum aliona.

Kuanzia hapo akaanza kufikiri vibaya. Alinijia na kikombe cha mzee, ananinusisha. "Hakuna harufu ya kitu humu? Nusa vizuri. Yule bibi anamwekea dawa mchana, inamshika kwangu jioni, inamwachia saa tisa. Amepima." Nikanusa, nikaona ni kahawa. Hakukubali. Akanivuta jioni ya zamu ya Bi Ghanima tukajibanze nyuma ya tangi la maji, tuone kama kule mzee anakesha. Mimi nilikwenda, sitawadanganya kwamba nilivutwa kwa nguvu.

Saa moja na dakika arobaini. Dirisha la Bi Ghanima liko wazi kwa joto, taa bado inawaka. Mzee amelala chali na sweta yake. Bi Ghanima kaketi kando yake na tasbihi mkononi, mdomo wazi, naye amelala. Hakuna aliyeamka kuzima taa.

"Na yeye?" Kaltum akanong'ona. "Sasa nani amemwekea nani dawa?"

Ndipo nikampeleka kwa Léonce. Mume wangu alikuwa muuguzi hospitalini, miaka kumi na moja zamu ya usiku, na hupenda kuulizwa. Alikuwa anakunywa uji wake kabla ya kwenda kazini.

"Dawa gani? Njoo wodini kwangu uone," akamwambia. "Wazee, saa mbili tunazima taa, wao wamelala zamani. Saa tisa nikipita na kandili, macho yote yako wazi, wananiamkia, wananiuliza kama kumekucha. Vijana waliovunjika miguu, hao saa kumi na mbili nawatikisa kama miti wameze dawa. Kila usiku ni hivyo, na hakuna mutu amewekewa kitu."

"Ni nini basi?"

"Mwili una saa yake ndani. Mi naandika joto lao kwenye karatasi, naona. Kijana joto lake linabaki juu mpaka usiku sana, ndiyo maana hana usingizi jioni, na asubuhi kumwamsha ni kazi. Mzee linashuka mapema, anasikia baridi, analala. Kisha linapanda mapema, anaamka. Na usingizi wenyewe unakuwa mwepesi, panya akipita amesikia. Mzee Sleiman hakukimbii, dada. Amezeeka. Bi Ghanima naye amezeeka. Saa zao zimekutana, basi."

"Kuna sindano?" Kaltum akauliza.

"Ya kumfanya akeshe? Apana, moyo wake hautaki."

"Ya kwangu. Ya kunizeesha."

Léonce akacheka mpaka uji ukamwagika. Kaltum hakucheka hata kidogo. Alikuwa anasema kweli. Mwanamke ambaye wenzake walikuwa wanamwonea wivu kwa kiuno chake alikuwa tayari kuchukua makunyanzi, mvi, goti bovu, vyote, mradi aamke saa tisa macho makavu.

Akanunua saa ya kengele, ile tunayoiita reveyi, akaiweka kwenye sufuria tupu ili ilie zaidi. Zamu yake ya kwanza ililia saa nane na nusu, ikaamsha lupango zima, na Birindwa akatukana kwa Kifuliiru cha kwao. Kaltum aliamka. Aliamka kama mlevi anavyoamka mtaroni. Aliwasha mbabula, akatia chumvi kwenye kahawa, akakaa mbele ya mumewe na kilemba usoni, anasema, "Nisimulie."

Bwana Sleiman, maskini, alijaribu. Alikuwa mchangamfu saa ile, maneno yanamtoka yenyewe. Lakini kila akifika mahali pazuri, anamwona mkewe anayumba. Akicheka, mwenzake anashtuka na kusema "Ndiyo, ndiyo" palipotakiwa "Ee Mungu wangu!" Zamu ya tatu Kaltum alilala begani kwake katikati ya hadithi, kama mzee alivyolala kwenye ile ya punda. Mchana wali ukaungua, na gauni la harusi la binti mmoja wa Nyakabiga akalishonea mikono yote miwili upande wa kushoto.

"Mbona yeye anaamka bila reveyi?" aliniambia, anafumua ile mikono. "Anaamka tu. Ananawa uso, yuko tayari, anacheka. Mi namchukia, Mama Odette. Namchukia hata anavyopiga chafya alfajiri. Chafya yenyewe iko macho."

Reveyi akampa Birindwa, akaenda kwa Sheikh Thabit.

Sheikh alikuja siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kuuliza kabla ya kujibu, na alikalishwa uwanjani juu ya mkeka mzuri wa Bi Ghanima na mto mzuri wa Kaltum, asije akaonekana kapendelea. Wapangaji wote siku hiyo tulikuwa na kazi uwanjani. Mimi nilikuwa nafua shuka safi.

Kaltum akasema yake. Bi Ghanima akasema, "Mimi sikumwita mtu." Bwana Sleiman akatazama vidole vya miguu yake.

"Usiku ni wa mwenye zamu," Sheikh akasema, "tangu magharibi mpaka adhana ya alfajiri. Sleiman, usiku wa mmoja usiingie kwa mwingine pasipo dharura. Kuna dharura gani saa tisa?"

"Kuna uzee, Sheikh," Bwana Sleiman akasema. "Ukiamka saa ile na huna wa kuongea naye, ukuta unakuangalia."

"Kaa na ukuta. Ni usiku wa Kaltum."

Kaltum alivuta pumzi ya kushinda. Sheikh akaona labda mambo yamekuwa mazito, akatafuta la kutuchangamsha, akamwona Léonce anatoka chumbani, ndiyo kwanza ameamka, anapiga mswaki.

"Kila mtu na kazi yake," akasema. "Kwa mtu wa kazi ya mchana, usiku ndio msingi wa zamu, na mchana unafuata nyuma. Lakini mtu kama huyu muuguzi wetu, anayekesha kazini, huyo angekuwa Mwislamu mwenye wake wawili..."

"Asithubutu!" nikasema, na shuka mkononi.

Watu wakacheka. "...huyo," Sheikh akamalizia, anacheka naye, "tungemhesabia zamu kwa mchana, maana mchana ndipo yuko nyumbani." Akanywa kahawa, akaondoka na halwa kwenye karatasi.

Basi tukadhani yameisha. Zamu iliyofuata ya Kaltum, saa tisa, nikasikia mlango wake unafunguliwa. Bwana Sleiman alitoka, akakaa kwenye ngazi ya Kaltum, hakuvuka hata hatua moja. Akakohoa.

Ng'ambo ya uwanja, mlango ukafunguliwa. Bi Ghanima akakaa kwenye ngazi yake mwenyewe.

"Umeamka?" mzee akauliza.

"Nimeamka."

"Unakumbuka yule dereva wetu wa Rutana, aliyeoa mapacha bila kujua?"

"Sema kwa sauti, sisikii!"

Wakaongea kwa sauti. Hatua kumi na tano za hadithi, katikati giza, sisi wapangaji tumo vitandani tunasikia kila kitu kama redio. Hakuna mguu uliovuka. Bi Ghanima alicheka kama msichana, na nafikiri siku ile cheko lake liliizidi hadithi yenyewe kidogo, ili cheko lifike mpaka kitandani kwa mtu fulani.

Lilifika. Kaltum alijitokeza mlangoni, kitenge kimefungwa kifuani, akasimama nyuma ya mumewe. Alijaribu kusikiliza, nadhani; alijaribu kuwa wa tatu. Kisha nikasikia mlango unafungwa, na asubuhi akanisimulia kwamba alirudi kitandani akauma mto, na akiwa anauma mto akapitiwa na usingizi. Hilo ndilo lilimuudhi kuliko yote. Hata hasira yake ilikuwa na usingizi.

Alinisimulia hayo saa nne asubuhi, amekaa chumbani kwangu kwenye kigoda. Pazia la kitanda lilikuwa wazi, Léonce yuko pale, amelala fofofo na jua lote dirishani. Kaltum akamtazama. Akamtazama muda mrefu mpaka nikataka kumuuliza kama kuna shida.

"Mama Odette. Sheikh alisema nini juu ya mume wako?"

"Kwamba ana bahati niko peke yangu."

"Apana. Kabla ya hapo. Alisema mchana unafuata usiku."

"Alisema."

"Kwa hiyo mchana wa leo ni wa nani?"

Miaka yote ile hakuna aliyeuliza. Mchana mzee alikuwa dukani, na duka lilikuwa la wateja. Wanawake wa nyumba zile hawakukaa dukani. Bi Ghanima, miaka thelathini na nane ya ndoa, alikuwa anapitisha uji kwenye mlango wa nyuma, mkono tu unaonekana.

"Ni wako," nikasema. "Mpaka magharibi."

"Na ni saa ngapi mume wangu yuko macho, yuko na maneno, yuko mutu kamili?"

Ukitaka kumjua Bwana Sleiman wa zamani ilibidi umwone dukani saa tatu asubuhi. Kichwa chepesi, anakumbuka kila kitambaa na nani alikinunua kwa sherehe gani, anamtania huyu, anamsifia yule. Saa sita anaanza kupungua, baada ya chakula analala kidogo, na alasiri anabaki nusu. Kaltum hakungoja nijibu. Alikwenda kwa Sheikh Thabit kuuliza kama amesikia vizuri, akarudi anatembea kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja.

Kesho kutwa yake, zamu ilipomrudia na usiku kupita, saa mbili asubuhi Kaltum aliingia dukani kwa mlango wa mbele. Amefumua nywele na kusuka upya, kanzu yake ya kijani, buibui begani, kiti kichwani. Cherehani Birindwa anambebea nyuma.

"Unakwenda wapi?" Bwana Sleiman akauliza.

"Zamuni."

"Kaltum! Watu watasema nini?"

"Watu wanasema tayari, uliza wapangaji wako. Ulimaliza usiku kwa mlango wa mwenzangu, mchana utaumaliza na mi. Sheikh yuko nyumbani kwake, nenda umuulize." Akaweka kiti nyuma ya kaunta, akakaa. "Sasa. Yule dereva wa Rutana. Aliwezaje kuoa mapacha bila kujua? Anza mwanzo."

Nilikuwa nimekwenda kununua uzi. Sikuwa na haraka.

Mzee alinuna labda robo saa. Kisha akaingia mama mmoja kutaka kitenge cha ubatizo, Kaltum akampima palepale, mzee akatia neno, yule mama akacheka, Kaltum akajibu, na hadithi ikatoka. Nyingine ikaifuata. Kaltum saa ile alikuwa macho kuliko mtu yeyote Bwiza. Anashika neno kabla halijatua, analirudisha na chumvi yake. Bwana Sleiman alimgeukia akamtazama kama mtu aliyekutana barabarani na rafiki aliyedhani amehama mji. Mpaka saa sita duka lilikuwa limejaa, wengine hawakununua kitu.

Jioni alilala saa moja na nusu kama kawaida yake. Kaltum akamfunika sweta, akatoka kukaa nasi wapangaji, akala karanga, akaongea mpaka saa tano. Hakumwamsha.

Kumbe kulikuwa na mtu mwingine anayehesabu hatua sasa. Bi Ghanima alianza kunijia saa nne asubuhi, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga chumbani kwangu. Anakaa kwenye kigoda kilekile. Kutoka kwangu dukani panasikika vicheko lakini si maneno.

"Wanacheka nini huko?"

"Mambo ya wateja, Bi Ghanima."

"Wateja hawachekeshi hivyo. Nimeolewa naye tangu nina miaka ishirini na nne, najua anavyocheka kwa mteja. Hicho si cha mteja."

"Siku ya zamu yako nawe ungekaa," nikamwambia. "Sheria ni moja."

Aliniangalia kama nimemwambia akauze ndagala sokoni. "Mimi? Nyuma ya kaunta? Mimi ndiye niliyemwambia yule binti, siku ya kwanza alipoingia nyumba hii, kwamba wanawake wa hapa hawakai dukani." Akakunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. "Ana uso mkavu, yule. Na usingizi wake mzuri. Mi nikikaa macho mpaka saa tano za usiku, hata mara moja tu, naumwa siku tatu. Yeye anakula karanga."

Wiki iliyofuata, usiku wa zamu ya Kaltum, saa tisa, mzee akatoka kwenye ngazi kama kawaida. Akakohoa. Mlango wa ng'ambo ukachelewa kidogo, ukafunguliwa.

"Umeamka?"

"Nimeamka."

"Sikiliza hii. Juzi kaja dukani Mbelgiji mmoja, mzee, anataka kitambaa cha pazia..."

"Kaltum ameisikia?"

"Alikuwepo," Bwana Sleiman akasema.

"Alicheka?"

"Alicheka."

"Basi imekwisha liwa hiyo," Bi Ghanima akasema. "Nipe ambayo hajaisikia."

Mzee akafikiri. Nilimsikia anafikiri, anakwaruza ndala kwenye saruji. Alianza moja juu ya forodha ya Uvira, akaikatisha mwenyewe. Akaanza nyingine, akasema, "Apana, hiyo pia." Chumbani nyuma yake Kaltum alikuwa anapumua polepole, amelala.

"Ukiipata nigongee," Bi Ghanima akasema, na mlango wake ukafungwa, taratibu, bila kishindo.

Asubuhi nilimweleza Kaltum yote, nisingeweza kukaa nayo. Aliniomba nirudie mara mbili. Alitaka kujua mlango ulifungwaje, kwa mkono wa hasira au mkono wa huzuni, na nilipomwambia sikujua, akasema jibu linalomfaa ni lolote kati ya hayo. Kisha akajitwisha kiti chake akaenda dukani. Ilikuwa hata saa moja na nusu haijafika, na mlango wa duka ulikuwa bado umefungwa. Akakaa nje barazani, miguu imenyooshwa, akamngoja mumewe aje na ufunguo.